Brashi ya Kunyolea ya Kukaza na Kulegeza

Anayenyoa kwa sabuni ngumu ya kopo na anayenyoa kwa krimu hawahitaji brashi ya aina moja. Sabuni ngumu inataka nywele fupi zilizokakamaa, zinazoweza kuisugua mpaka iachie povu zito. Krimu inataka nywele ndefu zinazonepa, zibebe maji mengi na kulitandaza povu bila kuikwaruza ngozi. Hata mtu yuleyule habaki na haja ileile: siku shingo imetoka vipele vya ndevu anatamani brashi ilegee, na siku ndevu zimekuwa kama miba anatamani ikaze. Ndiyo maana wapenzi wa kunyoa kwa povu na wembe hujikuta na brashi kadhaa kwenye rafu, kila moja na siku yake.

Brashi moja inayokazwa na kulegezwa inaweza kuchukua nafasi ya hizo zote, na si lazima itoke kiwandani. Fundi mwenye mashine ya kukereza, au mtu mwenye printa ya 3D na subira, anaweza kuibuni mwenyewe. La kushika tangu mwanzo ni kwamba ugumu wa brashi hutawaliwa zaidi na urefu wa nywele zilizo huru, yaani zile zilizo nje ya mdomo wa mpini. Kwa hiyo anayebuni brashi hii anabuni milimita kumi tu za urefu huo. Skrubu, mpini na urembo vipo ili kuzitumikia milimita hizo, na kuyaacha maji yapite.

Chukua rula ya plastiki, ibane ukingoni mwa meza ikiwa imechomoza sentimita 20, kisha isukume ncha kwa kidole. Inanepa bila taabu. Irudishe ndani ichomoze sentimita 10 na usukume tena. Sasa inakukatalia, kwa sababu ukakamavu wa mhimili uliobanwa upande mmoja hufuata kipeo cha tatu cha urefu wake: urefu ukipungua nusu, ukakamavu unapanda mara nane. Unywele wa brashi nao ni mhimili mwembamba uliobanwa upande mmoja. Ukizitoa nywele kwenye urefu huru wa mm 55 hadi mm 45, zinakaza karibu mara 1.8 zinapopindwa kwa ubavu. Zikisukumwa kwa ncha, kama unapokandamiza brashi kwenye sabuni, zinafuata kipeo cha pili, na hapo zinakaza karibu mara 1.5. Kituo cha katikati, mm 50, kinaongeza ugumu wa kupindwa kwa theluthi moja hivi. Tofauti hizi mkono unazihisi waziwazi, tena kwa safari fupi sana ya nywele. Asikushawishi mtu kubuni brashi yenye safari ya mm 20. Nusu ya safari hiyo hutaitumia kamwe, na mpini utakuwa mrefu kama tochi.

Kabla ya kukereza chochote, pima haja yako kwa ringi ya mpira. Chukua brashi uliyo nayo, iloweshe, uivike oringi ambayo kipenyo chake cha ndani ni kidogo kuliko cha kicha cha nywele. Kwa kicha cha mm 24, oringi ya mm 20 inatosha. Ishushe mpaka ikae mm 8 au 10 juu ya mdomo wa mpini, kisha upige povu kama kawaida. Wanyoaji wengi wenye brashi zilizolegea huishi na ringi ya namna hii, na kwa majaribio haina mfano. Ila huwezi kuifanya suluhisho la kudumu, kwa kuwa sabuni hujikusanya chini yake, na inateleza kila unaposuuza. Itumie siku chache, na kila siku upime kwa rula urefu wa nywele zilizo juu yake. Ukiona unaridhika daima pale pale, basi huhitaji brashi ya kurekebisha. Unahitaji brashi ya urefu huo, na umejiokolea kazi.

Ukiona urefu huo unahama kati ya mm 45 na 55 kulingana na sabuni na hali ya ngozi, tuendelee.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kukiacha kicha mahali pake na kupandisha kola inayozikaba nywele kwa nje. Ya pili ni kuuacha mdomo wa mpini mahali pake na kukipandisha au kukishusha kicha chenyewe kwa skrubu iliyo ndani. Mimi naitetea ya pili. Kola ya nje inakaa pale pale vidole vinaposhika, imejaa povu, na thredi zake zinakuwa wazi kwa sabuni mchana kutwa. Skrubu ya ndani inazungushwa kutoka chini ya mpini, mbali na povu, na sura ya brashi haibadiliki mkononi.

Sehemu inayoamua kila kitu ni mdomo wa mpini. Nywele zinapopita hapo ndipo zinapopaswa kuanza kunepa. Mdomo ukiwa mpana kuliko kicha, nywele zitaanza kunepa kule chini zilikogundishwa, na utazungusha skrubu wee bila kuona mabadiliko. Kicha kitakuwa kinazama tu ndani ya mpini kama kijiko ndani ya glasi. Ukiwa mwembamba mno nao, nywele zinabanwa zikasimama kama fimbo, katikati kunakuwa na bonge gumu, na povu linakwama ndani badala ya kutoka.

Usikisie kipimo hiki. Kiloweshe kicha, ukikamue, kisha uzungushie uzi mm 4 juu ya gundi, uukaze kiasi cha kuzigusa nywele bila kuzikaba. Pima urefu wa uzi, ugawanye kwa 3.14, hapo una kipenyo. Rudia kwenye mm 14 juu ya gundi, maana hapo ndipo mdomo utakapokuwa kicha kikishuka hadi mwisho. Kipimo cha pili kitakuwa kikubwa zaidi, kwa kuwa kicha hutanuka kuelekea juu. Kata mdomo kwa kipimo cha kwanza, ukiongeza milimita moja hivi. Kicha cha mm 24 kwa kawaida kitaingia kwenye mdomo wa mm 25. Kikiwa juu, mdomo utazigusa nywele kwa upole. Kikishuka, sehemu iliyotanuka itaingia kwenye mdomo na kushikwa zaidi. Kubanwa huko kunaongeza ukakamavu juu ya ule unaoletwa na ufupi, jambo linalofanya kazi kwa faida yako.

Ukingo wa mdomo uwe na unene wa mm 4, na uviringwe juu na chini kwa nusu kipenyo cha mm 1.5 hadi 2. Hapa fundi asiharakishwe. Ukingo mkali unakata nywele taratibu, moja moja, na utadhani kicha ndicho kibovu. Ung'arishe kwa msasa wa 400, kisha 600, kisha 1000 ukiwa na maji. Kipimo changu ni soksi ya nailoni: ipitishe mdomoni na kuizungusha. Ikinasa uzi mmoja tu, kazi haijaisha.

Sasa kicha. Nywele za brashi za kunyolea huwa za aina nne: za mnyama wa Ulaya na Asia wa jamii moja na nyegere wetu, za nguruwe, za farasi, na nyuzi za plastiki. Kwa brashi ya kurekebisha ninachagua nyuzi za plastiki bila kusita. Kila unapozungusha skrubu, nywele zinasugua mdomo. Za asili, zikiwa zimelowa, huchoka na kukatika mahali hapo. Za asili pia hunywa maji na kuvimba, kwa hiyo kipimo cha kicha kikavu si kipimo cha kicha kilicholowa. Plastiki haivimbi, inakauka upesi, na inavumilia spiriti. Tena kwa Waislamu wengi nywele za nguruwe hazina hata mjadala, na si kila muuzaji anaandika wazi ameweka nini ndani ya brashi.

Usijaribiwe kuokota nywele za farasi mbichi ukajifungia kicha mwenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia nywele za mnyama yule wa jamii ya nyegere ziliadimika, watengenezaji wakageukia za farasi kutoka Asia ambazo hazikusafishwa ipasavyo, na wanajeshi na raia wa Uingereza na Marekani wakaambukizwa kimeta kupitia michubuko ya wembe. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani. Vijidudu vya kimeta hukaa miaka mingi kwenye nywele na ngozi za wanyama bila kufa. Nunua kicha kilichofungwa tayari.

Agiza kicha cha mm 24 chenye kichwa cha duara, kisiwe cha bapa wala cha feni, na urefu wa nywele juu ya gundi uwe mm 59. Ukitoa mm 4 za unene wa mdomo, unabaki na mm 55 huru kikiwa juu kabisa. Kichwa cha feni hutanuka mapema mno na kugombana na mdomo kinaposhuka.

Kicha kinakaa ndani ya kikombe chenye kipenyo cha nje cha mm 27, kina cha mm 12 na sakafu ya mm 2. Ukingo wa kikombe uwe sawasawa na mwisho wa gundi ya kicha. Kwaruza kikombe kwa ndani ili gundi ipate pa kung'ang'ania. Kwa majaribio tumia silikoni, maana unaweza kuing'oa. Ukisharidhika, tumia epoksi ya kukauka polepole na uiache saa 24. Paka kidogo, chini na si pembeni. Epoksi nyepesi hupanda kwenye nywele kama mafuta ya taa kwenye utambi, na nywele zilizoganda hazirudi.

Kikombe kinateleza ndani ya tundu la mm 27.4. Kinaingizwa kutoka chini, kwa sababu mdomo wa mm 25 haukiruhusu kutoka juu, na kwa sababu hiyohiyo kicha hakiwezi kuchomoka usoni. Chini ya sakafu ya kikombe gundisha nati ndefu ya M8, ya mm 15, ya stenlesi. Inaingiliwa na boliti ya M8, ile ambayo kichwa chake hufunguliwa kwa spana namba 13. Iwe na thredi mwili mzima, urefu mm 40, kisha uikate ibaki mm 38. Kichwa cha boliti kinazikwa ndani ya kifundo cha kuzungushia, unene mm 12. Juu ya kifundo kuna sahani ya mm 5 inayofunga sehemu ya chini ya mpini. Boliti inapita katikati ya sahani hiyo, ikashikwa kwa juu na washa na nati yenye nailoni. Kaza nati hiyo mpaka kifundo kizunguke kwa uzito kidogo bila kucheza. Uzito huo ndio breki yako.

Thredi ya M8 ya kawaida inasogea mm 1.25 kwa mzunguko, kwa hiyo safari nzima ya mm 10 ni mizunguko 8, na kutoka 55 hadi 50 ni minne. Wapo watakaoona minane ni mingi na kutaka skrubu za printa za 3D zinazosogea mm 8 kwa mzunguko mmoja. Ziacheni. Mwinuko wa thredi zake ni mkali, na ukikandamiza brashi usoni kicha kitasukuma skrubu izunguke yenyewe na kurudi ndani. Kama unataka kasi zaidi, skrubu ya mm 8 yenye mwendo wa mm 2 inafaa: mizunguko mitano, na inajishikilia.

Skrubu ikizunguka, kikombe kisizunguke nayo, la sivyo nywele zitasokotwa mdomoni. Kwenye ubavu wa kikombe, karibu na sakafu, weka pini ya mm 3 inayochomoleka, nayo ipite kwenye mwanya wa upana wa mm 3.4 na urefu wa mm 13 uliokatwa kwenye ukuta wa mpini. Mwanya huu naupenda kuliko kitu chochote katika brashi hii, kwa kuwa unafanya kazi tatu. Unazuia kikombe kuzunguka. Unatoa maji. Na kwa kuwa pini inaonekana kwa nje, ukichora mistari mitatu pembeni yake tayari una kipimo cha 55, 50 na 45. Ongeza mianya mingine miwili ya ukubwa uleule kwa ajili ya maji tu, na uchonge mifereji mitatu ya mm 2 kwenye ubavu wa kikombe ili maji yafike huko.

Mwelekeo wa kuzungusha uwe ule ambao mkono umeshauzoea: kukaza kukaze, kulegeza kulegeze. Ukiishika brashi nywele zikiwa juu na kuitazama kutoka chini, kuzungusha kufuata saa kwa boliti ya kawaida kunakivuta kikombe chini, nywele zinafupika na brashi inakaza. Hakuna haja ya thredi ya kinyume. Kifundo kiwe kipana, mm 32 au zaidi, na kichongwe mifuo pembeni, maana kitashikwa na vidole vyenye sabuni. Hicho pia ndicho kitako cha brashi.

Jumla ya mpini itafika karibu mm 70. Ni mrefu kuliko mipini mingi, sikufichi. Ufiche urefu huo kwa kukereza kiuno mahali vidole vinaposhika, chini kidogo ya mdomo, na brashi itakaa vizuri.

Kuhusu maji, wabunifu wengi hupoteza muda kutafuta namna ya kuyazuia yasiingie ndani. Yataingia tu, yakifuata nywele, na utafiti wote wa mipira ya kuziba hauwezi kuyakataza. Yaache yaingie, uyape njia ya kutoka, na ufanye sahani ya chini ifunguke kwa mkono bila spana. Maji magumu ya visima vya miji mingi ya pwani yanagongana na sabuni na kuacha utando mweupe. Utando huo ndio utakaofanya skrubu igome, wala si kutu. Kila wiki mbili tatu fungua, loweka kikombe na skrubu kwenye siki iliyochanganywa na maji, suuza, kausha. Ndani ya mpini kusiwe na aluminiamu tupu, kwani sabuni ya kunyolea ina magadi yanayoila. Stenlesi na plastiki zinatosha.

Kielelezo cha kwanza kichapishe kwa plastiki ya PETG. Ile ya PLA hulainika karibu na nyuzijoto 60, na maji ya kulowekea brashi yanaweza kufika huko. Kikombe kikipinda hata kidogo kinakwama. Ukitaka mpini wa kudumu, sisi wa ukanda huu tuna mti unaoonea fahari kazi kama hii. Mpingo, unaotengenezewa zumari za kizungu kama klarineti na oboe, ni mzito kiasi cha kuzama majini, una mafuta yake, na unakubali kukatwa thredi safi. Msitu wa kijiji huko Kilwa ulipata cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009, kwa hiyo mpingo uliovunwa kihalali upo kwa anayeuulizia. Kama utauza brashi nje ya nchi, ulizia mapema kibali cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini. Lakini usiache mbao iguse kikombe moja kwa moja. Vika ndani bomba jembamba la plastiki au brasi, kwa sababu mbao hupumua na majira, hata mpingo, na nafasi ya mm 0.2 kila upande haivumilii hilo. Mpingo usiokauka vizuri hupasuka. Paka nta kwenye ncha za kipande na ukiweke kivulini muda mrefu kabla ya kukereza.

Brashi ikishaunganika, ipime kwa mizani ya jikoni. Loweka kicha, kamua, kiweke kwenye mm 55, kisha usimamishe brashi kichwa chini juu ya mizani na uisukume mpaka mdomo ushuke mm 15, ukisoma kwenye rula iliyosimama pembeni. Andika gramu. Rudia kwenye 50 na 45. Kutoka 55 hadi 45 unapaswa kuona uzito ukiongezeka kwa nusu nzima au zaidi. Ukiongezeka kidogo tu, usilaumu nywele: mdomo haushiki, utengenezee ringi ya ndani ya kuupunguza kwa nusu milimita, kisha upime tena.

Matumizi yana masharti mawili. Zungusha kifundo nywele zikiwa zimelowa tu; zikiwa kavu zinakwaruzana na mdomo. Na ukimaliza kunyoa, suuza ukiwa umekipandisha kicha hadi juu, uikung'ute, uiache ikauke hivyo hivyo, kwa kuwa sehemu iliyozama kwenye mpini ndiyo inayochelewa kukauka.

Kwa desturi yangu naanza na 45 kwenye sabuni ngumu, nusu dakika hivi ya kuzungusha mpaka povu liwe zito, kisha nalegeza hadi 55 kabla ya kugusa shingo. Mwenye vipele vya ndevu abaki 55 usoni kwa wiki nzima na asisugue kwa duara; apake kwenda na kurudi. Kwa kinyozi wa saluni, brashi hii haibadilishi kanuni ya usafi: ya mteja mmoja isiguse mwingine bila kutiwa dawa. Faida yake ni kwamba kikombe kinafunguka, kwa hiyo anaweza kuwa na vikombe sita vyenye vicha na mpini mmoja, akabadilisha kati ya mteja na mteja na kuutia mpini dawa pia, huku vikombe vingine viko kwenye dawa.

Baada ya mwezi fungua uangalie nywele zilizokatika. Zikiwa chache na za urefu tofauti, ni zile zilizolegea tangu kiwandani. Zikiwa zimekatika zote kwa urefu mmoja, pima kutoka ncha yake: ikiwa mm 45, 50 au 55, mdomo wako una mahali pakali. Urudishe kwenye msasa wa 600 kabla hujagundisha kicha kingine.